Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Rekodi za Zamani za Muziki wa Chemba Zilizorimastiwa

Majibu haya yanahusu rekodi za kwarteti (wapigaji wanne), trio (watatu) na kwinteti (watano) zilizofanywa kati ya miaka ya 1920 na 1960, ambazo leo husikilizwa kwenye CD au mtandaoni zikiwa zimerimastiwa. Anayesikiliza rekodi za kidijitali za miaka ya karibuni hatayahitaji sana.

Muziki wa chemba ni upi?

Ni muziki wa klasiki uliotungwa kwa ajili ya wapigaji wachache, kwa kawaida kuanzia wawili hadi wanane au tisa, ambapo kila mmoja ana sehemu yake peke yake na hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Umbo lake mashuhuri ni kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja (fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi) na selo moja, iliyo nzito kuliko zote. Joseph Haydn ndiye aliyelipa umbo hilo hadhi yake katika karne ya 18, Mozart akamfuata, na Beethoven akaacha kwarteti 16 pamoja na fuga kubwa (utungo ambamo sauti hufuatana na kuigana) inayosimama peke yake. Neno chemba linanipendeza kwa sababu Mswahili anapomvuta mwenzake chemba huwa ana neno lisilohitaji kadamnasi, na muziki huu nao ni mazungumzo ya namna hiyo. Ukaribu huo ndio unaoifanya kazi ya kurimasta iwe ngumu. Katika okestra ya watu 80 kasoro ndogo humezwa na wingi wa sauti, ilhali katika kwarteti hakuna pa kuifichia.

Kurimasta ni kufanya nini hasa?

Si kurekodi upya, wala si kuwaongezea wapigaji kitu ambacho hawakukipiga. Fundi hutafuta chanzo bora cha rekodi, iwe ni sahani ya santuri, sahani mama ya chuma au kanda ya sumaku. Hukihamishia kwenye kompyuta kwa uangalifu. Huondoa mikwaruzo na kelele kwa kadiri anavyoona inafaa. Hurekebisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba. Kisha huandaa nakala itakayotumika kuchapa CD, LP (santuri za plastiki zinazochukua muda mrefu) au faili za mtandaoni. Neno hilo moja, kwa bahati mbaya, hutumiwa pia na wauzaji ambao wamechukua CD ya zamani, wakaipandisha sauti kidogo na kuibadilishia jalada. Ndiyo maana inafaa kusoma maelezo ya jalada na kuona kama yanamtaja fundi aliyefanya uhamishaji na chanzo alichokitumia.

Chanzo kina umuhimu gani, ikiwa kompyuta inaweza kusafisha kila kitu?

Kina umuhimu kuliko kompyuta yenyewe. Kabla ya kanda za sumaku kuenea mwishoni mwa miaka ya 1940, sauti ilichongwa moja kwa moja katika bamba la nta, kutoka nta ikatengenezwa sahani mama ya chuma, na kwa chuma hicho zikagandamizwa sahani za kuuza. Sahani zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu wa mdudu anayepatikana India na nchi za jirani, uliochanganywa na unga wa mawe ili sindano ya chuma isagike na kukaa sawasawa katika mfereji. Unga huo ndio asili ya ile “shiii” inayosikika nyuma ya kila rekodi ya zama hizo: kelele ilitiwa katika sahani tangu kiwandani, hata kabla mtu hajaigusa.

Hata hivyo, sahani zote hazikuwa sawa. Rekodi iliyofanywa London na kampuni ya HMV iliweza kuchapwa Uingereza na Marekani pia kutokana na upigaji ule ule, na mara nyingi nakala ya Marekani ya miaka ya 1930 huwa tulivu kuliko ya Uingereza. Mafundi wa rekodi za kale kwa hiyo hufanya kazi kama wanunuzi wa vitambaa, wakikusanya nakala tatu au nne za sahani moja na kuchagua upande huu kutoka nakala hii na upande ule kutoka nyingine.

Halafu kuna sindano. Mfereji wa sahani ya shelaki ni mpana kuliko wa LP, hivyo ncha ya sindano yake huwa kubwa kiasi cha mara tatu. Fundi mzuri huwa na ncha za ukubwa mbalimbali, kwa sababu ncha iliyo pana kidogo au nyembamba kidogo hupita mahali katika ukuta wa mfereji ambapo sindano za wenye santuri wa miaka 90 iliyopita hazikupalima. Wengine husoma kuta mbili za mfereji kila mmoja peke yake, kisha huuchukua ule wenye kelele ndogo. Hakuna programu inayoweza kurudisha kilichokwisha kusagwa, na dakika chache za kuchagua sindano huokoa sauti ambayo siku nzima mbele ya kompyuta isingeiokoa.

Kwa nini rekodi za kabla ya 1925 husikika kama zimepigwa ndani ya debe?

Kwa sababu hazikutumia umeme. Wapigaji walisongamana mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yao wenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano ya kuchonga. Sauti nzito za selo na zile nyembamba za juu hazikufika. Maikrofoni zilipoingia studioni mwaka 1925 mambo yalibadilika mara moja, na kwa msikilizaji anayeanza, huo ndio mwaka wa kuanzia.

Nina matoleo mawili ya rekodi moja, na noti za moja ziko juu kidogo kuliko za jingine. Lipi ni sahihi?

Huenda yote mawili yana makosa. Sahani za shelaki huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodi hazikuifuata kasi hiyo kwa uaminifu. Zipo zilizochongwa kwa mizunguko 76, na zipo zilizozidi 80. Tuchukue upande mmoja wenye dakika nne na nusu uliorekodiwa kwa mizunguko 76, kisha ukachezwa kwa 78. Muziki utakwisha sekunde saba mapema, na kila noti itapanda kwa karibu nusu ya nusu toni. Mtu asiye na mazoezi anaweza asigundue kupanda huko, lakini atahisi kwamba fidla ni nyembamba na kali mno na kwamba wapigaji wana haraka, naye atawalaumu wao kwa kosa la mashine.

Fundi huitafuta kasi ya kweli kwa njia kadhaa. Anaujua ufunguo wa kazi, yaani noti ya msingi ambayo muziki wote umejengwa juu yake, na anajua kwamba waya mzito wa selo ukipigwa wazi hutoa noti yenye takriban hezi 65 (mitetemo 65 kwa sekunde) ambayo selo haiwezi kushuka chini yake. Wakati mwingine mvumo wa umeme ulioingia katika rekodi bila kukusudiwa humsaidia, kwa kuwa mvumo huo una kiwango kinachojulikana. Tatizo jingine ni kwamba kasi huweza kubadilika kadiri upande unavyoendelea, kwa hiyo mwisho wa upande wa kwanza hauoani na mwanzo wa upande wa pili. Ukisikia kwarteti imeshuka ghafla kidogo katikati ya sehemu moja, hapo ndipo sahani ilipogeuzwa, na fundi hakujisumbua.

Inakuwaje muziki wa dakika 40 uliwekwa katika sahani za dakika nne?

Ulikatwa. Sahani ya shelaki ya inchi 12 ilibeba kati ya dakika nne na tano kwa upande, na wapigaji walilazimika kusimama, kungoja bamba jipya la nta, kisha kuendelea pale walipoachia. Kwarteti ya Beethoven Opus 131 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi) ina sehemu saba zinazopigwa mfululizo bila pumziko. Mtunzi hakukusudia msikilizaji apate hata nafasi ya kukohoa. Kwarteti ya Busch, iliyoongozwa na mpiga fidla Adolf Busch, ilipoirekodi mwaka 1936, mwenye sahani alipaswa kuinuka kila baada ya dakika nne na ushei kugeuza au kubadilisha. Kwa maoni yangu kuunganisha pande hizo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo kurimasta imeipa kazi hii. Babu zetu waliomiliki sahani zile hawakupata kuisikia Opus 131 ya Busch kama ilivyotungwa; sisi tunaisikia.

Kuunganisha kwenyewe si kubandika tu. Kelele ya mwisho wa upande mmoja si sawa na ya mwanzo wa upande mwingine, kwa sababu mfereji ukikaribia katikati ya sahani sauti za juu hufifia. Fundi lazima aoanishe rangi ya sauti, kasi na hata mwangwi wa chumba, la sivyo sikio litauona mshono.

Je, rimasta nzuri ni ile isiyo na kelele kabisa?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida zaidi kwa wanunuzi na kwa watengenezaji vilevile. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua CD ya kwarteti ya mtunzi Schubert iliyorekodiwa miaka ya 1930, kutoka kwa kampuni ambayo haina haja ya kutajwa. Ukimya wake ulikuwa wa kaburini. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikagundua kwamba viola inasikika kana kwamba mpigaji amefunikwa blanketi, na kwamba fidla hazina tena ule mkwaruzo mdogo wa upinde unaposhika waya. Baadaye nilipata uhamishaji mwingine wa rekodi ile ile wenye “shiii” ya waziwazi, na humo wapigaji wanne walikuwa wamekaa mbele yangu.

Sababu ni hii: kelele ya shelaki imeenea mahali pale pale palipo na sauti za juu za nyuzi, yaani sauti zinazotufanya tutofautishe fidla ya kwanza na ya pili na kuhisi chumba walimokaa. Mashine hazijui mpaka ulipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kampuni ya CEDAR ya Cambridge ilipoanza, vifaa vya kusafisha vimekuwa na nguvu nyingi, na kishawishi cha kuvitumia hadi mwisho ni kikubwa. Mipasuko mikali ya ghafla inaweza kuondolewa karibu bila madhara. “Shiii” ya kudumu ni jambo jingine. Sikio huizoea baada ya dakika mbili tatu, kama mtu wa pwani asivyousikia tena upepo wa kusi.

Ukitaka kuipima rimasta, chukua mahali patulivu. Sehemu ya tatu ya Opus 132, ambayo Beethoven aliiandika mwaka 1825 baada ya kupona ugonjwa mzito na kuiita wimbo mtakatifu wa shukrani, inafaa sana, na Busch waliirekodi mwaka 1937 kwa mwendo wa polepole mno. Usisikilize noti, sikiliza kilicho nyuma yake. Kelele ikibaki vile vile noti inapoanza, inapovutwa na inapokoma, fundi ameiheshimu rekodi. Ikiwa kelele inaingia pamoja na noti na kutoweka pamoja nayo, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa, basi programu imefanya kazi peke yake. Na ukisikia kitu kama maji yanayobubujika chini ya sauti, rudisha CD dukani.

Mafundi wenyewe hawakubaliani. Wamarekani Ward Marston na Mark Obert-Thorn wanajulikana kwa kuacha kelele kidogo ili sauti ya ala isiguswe. Andrew Rose wa Pristine Audio, anayefanya kazi Ufaransa, huenda mbali zaidi: hurekebisha uwiano wa sauti kwa kulinganisha na rekodi za kisasa, na baadhi ya matoleo yake huongezewa upana wa ukumbi. Mimi ni wa upande wa kwanza, lakini wako wasikilizaji makini ambao wasingeingia kabisa katika rekodi za miaka ya 1930 bila kazi ya namna ya pili.

Wapigaji wa zamani huteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Je, ni kasoro ya sahani?

Si kasoro, ndivyo walivyopiga. Kuteleza kwa kidole juu ya waya kulikuwa sehemu ya lugha ya fidla hadi miaka ya 1930, na kulififia baadaye. Sikiliza Kwarteti ya Capet ya Paris, iliyorekodi mwaka 1928, mwaka huo huo aliofariki kiongozi wake Lucien Capet, kisha uwalinganishe na kwarteti yoyote ya miaka ya 1960. Msikilizaji aliyelelewa na fidla za taarabu ya Unguja na Mombasa hatahitaji kuelezwa uzuri wa jambo hilo. Huenda atashangaa tu kwa nini Wazungu waliliacha.

Nianze na rekodi zipi?

Ningeanza na watatu: Alfred Cortot kwa piano, Jacques Thibaud kwa fidla na Pablo Casals kwa selo. Trio ya Schubert waliyoirekodi London mwaka 1926 ilifanywa mwaka mmoja tu baada ya maikrofoni kuingia studioni, na bado ina uchangamfu ambao rekodi nyingi safi za leo hazina. Mwaka 1928 walirekodi trio ya Beethoven iitwayo Archduke.

Baada ya hapo nenda kwa Busch. Adolf Busch hakuwa Myahudi, lakini mwaka 1933 alikataa kuendelea kupiga muziki Ujerumani chini ya Wanazi, akapoteza wasikilizaji wake wengi na sehemu kubwa ya kipato chake. Rekodi zake kubwa za Beethoven na Schubert zilifanywa London katika miaka hiyo ya ugenini. Sitadai kwamba uchungu huo unasikika katika nyuzi, ila ni vyema kujua kwa nini wapigaji hawa walirekodi Uingereza.

Kwa zama za kanda, Kwarteti ya Budapest ilirekodi kwarteti zote za Beethoven mara mbili kwa kampuni ya Columbia, kwanza kwa mono (sauti ya mkondo mmoja) mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha kwa stereo (mikondo miwili, kushoto na kulia) kuanzia 1958. Wengi huona kwamba mono ndiyo yenye upigaji bora, nami nakubaliana nao. Kwinteti ya Schubert yenye selo mbili, iliyorekodiwa Prades, Ufaransa, mwaka 1952, Casals akiwa mmoja wa wapigaji, isikose. Anayetaka sauti safi bila kujizoeza na kelele aende moja kwa moja kwa Quartetto Italiano, ambao Beethoven wao alirekodiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mono ni upungufu?

Kwa ala nne, si sana. Cha kuepuka ni stereo ya kubuni: katika miaka ya 1960 kampuni nyingi zilichukua rekodi za mono na kupeleka sauti nzito spika moja na nyembamba spika nyingine, na matokeo yake selo hukaa pembeni na harmoniki zake, yaani sauti nyembamba zinazoambatana na kila noti, zikabaki upande wa pili.

Kanda za sumaku zina shida gani?

Hupoteza nguvu polepole, na sauti ya mzunguko mmoja wa kanda huweza kunakilika kwenye mzunguko unaougusa, ndiyo sababu mara nyingine husikika mnong'ono wa noti kabla noti yenyewe haijapigwa. Kanda nyingi za miaka ya 1970 hunata kwa sababu gundi yake imevuta unyevu. Huwekwa katika joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha hunakiliwa haraka kabla hazijanata tena.

Je, faili za biti 24 na kilohezi 192 (zinazonasa sauti kwa undani kuliko CD) zina faida kwa rekodi ya mwaka 1936?

Kwa fundi, ndiyo. Mpasuko wa sahani ni kitu kikali na cha muda mfupi mno, na kasi kubwa ya kunasa sampuli huiwezesha programu kuutambua na kuuondoa bila kuigusa noti iliyo jirani. Kwa msikilizaji, hapana. CD ya kawaida, yenye biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, hufika zaidi ya hezi 20,000 na ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo na kubwa, ilhali sahani ya shelaki haifikii hata nusu ya nafasi hiyo. Ni kama kununua mtungi wa lita ishirini kwa ajili ya kikombe cha chai.

Ninahitaji vifaa gani?

Simu na hedifoni nzuri zinatosha kuanzia. Usitumie spika ya simu yenyewe, kwa kuwa haiwezi kutoa sauti za chini za selo na kwarteti itageuka kuwa trio. Kama programu unayotumia ina kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti au cha kuongeza besi, kizime. Weka sauti kwa kiwango ambacho watu wanne wangetoa chumbani mwako, si zaidi.

Kwa nini rekodi moja huwa na matoleo mengi kutoka kampuni tofauti?

Kwa sababu ya sheria. Katika Ulaya haki ya rekodi ilidumu miaka 50 hadi ilipoongezwa kuwa 70 kwa agizo la mwaka 2011, na halikurudi nyuma kuzifunika rekodi zilizokwisha kuwa huru. Kila kilichotolewa hadi mwaka 1962 kikabaki wazi kwa yeyote mwenye sahani na sindano.

Haya yote yanahusu pia santuri za kwetu?

Kwa upande wa ufundi, kabisa. Mwaka 1928, mwaka ule ule Cortot na wenzake waliporekodi Archduke London, Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa HMV. Shelaki ni ile ile, na mashaka ya kasi ni yale yale.

Nasikia pumzi za wapigaji na mlio wa viti. Je, viondolewe?

Mlio wa kiti unaweza kwenda. Pumzi zibaki. Kwarteti haina kijiti cha kuianzisha, hivyo fidla ya kwanza huvuta pumzi na wengine watatu huingia nayo. Pumzi hiyo ndiyo kipigo cha kwanza cha muziki, ingawa haikuandikwa popote. Baadhi ya rimasta huweka ukimya mtupu hadi noti ya kwanza, na wapigaji huanza kama taa iliyowashwa. Ukiwa na matoleo mawili ya rekodi moja na hujui ulichague lipi, sikiliza sekunde mbili za mwanzo tu, uone ni lipi lililomwacha Busch avute pumzi.